Mzee wa Mlimani Anajibu: Kimbilia Palipoungua

Toleo lililopita nilijibu swali la viatu vya kupandia mlima, nikagusia moto kwa mstari mmoja tu. Barua zilizokuja baada ya hapo karibu zote zinauliza habari ya huo mstari mmoja. Basi leo ni moto. Wasionijua: nilibeba mizigo ya wageni Kilimanjaro miaka 6, kisha nikawaongoza miaka 19, njia ya Marangu. Ninayoyasema mengi nimeyaona mwenyewe. Niliyoyapata kwa wengine nitawaambia.

Shikamoo Mzee. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Lushoto. Mwisho wa mwezi nawapeleka wanafunzi 28 kutembea kutwa nzima kwenye msitu wa Magamba na sehemu za juu zenye nyasi. Mwaka jana tuliona moshi ng'ambo ya bonde, tukarudi mbio bila mpango, na mtoto mmoja akapotea kwa saa nzima. Moto ukitukuta kweli, nifanye nini na watoto wa watu? — Mwalimu wa Jiografia, Lushoto

Marahaba, Mwalimu. Barua yako nimeisoma mara mbili kwa sababu ya huyo mtoto. Kuogopa hamkukosea. Mlichokosa ni kuamua mapema mtakimbilia wapi, na moto haumpi mtu nafasi ya kufikiri akiwa ameshaanza kukimbia.

Nikusimulie. Februari 1997, mwaka ule wa ukame, kabla mvua za El Nino hazijaja, tulikuwa wapagazi wanane na kiongozi mmoja, mzee wa Kilema. Tunashuka kutoka kambi ya Horombo kwenda kambi ya Mandara, mizigo miepesi, nyimbo mdomoni. Saa sita mchana hivi tukaona moshi chini yetu. Pale katikati msitu wa mvua umekwisha, unatembea kwenye vichaka vyenye vijani vidogo kama sindano na ndevu za kijivu zinazoning'inia matawini. Wataalamu wanaviita erika. Kichaka cha erika hata kikiwa kibichi kinashika moto kama kimemwagiwa mafuta ya taa. Na mchana upepo wa mlimani unapanda. Kwa hiyo moto ulikuwa unatujia.

Sisi vijana tukageuka. Kila mtu aliona jambo moja tu: moto uko chini, basi twende juu. Tena tukachagua korongo, maana ndani ya korongo njia ilikuwa wazi na mawe hayakuwa mengi. Yule mzee akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwake kabla wala baada. Akamshika wa kwanza kwa kola ya shati, akamzungusha. "Huko ni bomba la jiko!" Ndivyo alivyosema. Akatupeleka kwa ubavu wa mlima, si juu wala chini, mpaka tukaupata moto pembeni.

Hili la pembeni nataka uwafundishe watoto wako kabla hamjafunga mabegi. Moto wa porini una kichwa, una mbavu na una mkia. Kichwa ni kule upepo unakousukuma, ndiko ndimi ni ndefu kuliko mtu. Mbavuni ndimi ni fupi, na mkiani unatambaa tu. Tulipoufikia ubavuni, kwenye nyasi, ulikuwa unatufikia magotini, na nyuma yake palikuwa peusi, pameshaungua. Mzee alikuwa na blanketi la sufu, akafunika vichwa viwili viwili, tukavuka kwa kuruka hatua nne au tano. Mwenzetu mmoja alikuwa na jaketi la nailoni alilopewa na mgeni, alilipenda sana. Lilimgandia mkononi kama nta. Kovu lake analo hadi leo.

Upande wa pili nilikuta kimya. Ardhi ilikuwa ya moto, soli zangu zikawa zinanata na kunuka, mzee akatuambia tusikae chini, tusimame juu ya mawe. Juu ya jiwe lililo karibu nami alikuwepo panya wa mlimani, wale wenye michirizi mgongoni wanaokuja kula makombo pale Horombo. Amekaa tu. Hakutukimbia. Yeye pia alikuwa amekimbilia palipoungua.

Kesho yake tulipita karibu na lile korongo tulilotaka kupandia. Mawe yake yalikuwa yamepasuka, meupe kwa ndani kama yai.

Sasa kwa nini juu ni kubaya. Joto linapanda, nawe mwalimu wa Jiografia unalijua hili. Moto ulio chini yako unaikausha mimea iliyo juu kabla haujaifikia, kwa hiyo ukiifikia unaikuta tayari kuwaka. Wanaosomea mioto wana kipimo chao: kila mwinuko ukiongezeka nyuzi 10, kasi ya moto huongezeka karibu maradufu. Wewe je? Mwinuko ukiongezeka, kasi yako inapungua, na ya mtoto wa kidato cha kwanza zaidi. Mbio hizo huwezi kushinda. Korongo ndilo baya kuliko yote kwa sababu linavuta hewa kama bomba, na bonde jembamba kati ya vilima viwili nalo hivyo hivyo.

Kwa hiyo siku ya safari, kabla hamjaanza, pita wewe na mwenyeji wa pale mchague mahali patatu njiani: pa asubuhi, pa mchana na pa jioni. Tafuteni mahali pasipo na cha kuungua. Shamba lililolimwa likabaki udongo mtupu ni zuri sana. Mwamba mpana, barabara ya magari, uwanja wa mpira, mto wenye kokoto. Palipoungua wiki iliyopita pia, hata kama pananuka na watoto watachafua soksi. Watoto wapaone kwa macho yao na wajue kwamba ukisikia filimbi tatu ndiko tunakokwenda, hata kama nyumbani ni upande mwingine. Wapange wawili wawili, kila mmoja anajua jina la mwenzake na rangi ya shati lake. Wewe usiwe mbele. Weka mwenyeji mbele, wewe uwe wa mwisho, maana anayepotea hupotelea nyuma.

Mavazi: pamba au sufu, suruali ndefu, viatu vya kufunika. Jezi za mpira ziacheni shuleni. Nyingi ni nailoni na jamaa zake. Kila mtoto lita mbili za maji.

Moshi nao usome. Ukisimama wima kama mnazi, hewa imetulia, una nafasi ya kutosha kuondoka taratibu. Ukilala, tazama umelalia wapi, kwa sababu moto unafuata huko huko. Ukianza kuangukiwa na majivu au cheche, usitafute tena njia ya kurudi kwenye basi. Nendeni mahali penu palipo karibu.

Na ikiwa hamna pa kwenda kabisa? Mungu apishe mbali, lakini lazima nikujibu. Tafuta sehemu yenye nyasi chache kuliko kwingine, kwangueni majani kwa miguu na mikono mpaka udongo uonekane, laleni kifudifudi, miguu ielekee moto unakotokea, uso ndani ya kishimo ulichochimba kwenye udongo. Hewa ya chini ndiyo inayovutika. Msinyanyuke mpaka mvumo wa moto umepita. Moto wa nyasi huwa unapita upesi sana, ila kwa aliyelala hapo kila sekunde ni ndefu, na wengi wanaoangamia ni wale wanaoshindwa kuvumilia wakainuka kukimbia. Waambie hivyo, kwa maneno hayo hayo. Watoto wanaweza kuambiwa ukweli.

Mkishatoka salama, msikatishe katikati ya msitu ulioungua. Mizizi inaungua chini kwa chini siku nyingi, juu unaona jivu tu, ukikanyaga mguu unazama kwenye makaa. Nenda na fimbo, dunga ardhi mbele yako kila hatua. Na miti iliyosimama usiiamini.

Shikamoo Mzee. Tunaishi jirani na mashamba ya mipaina na kila kiangazi tunalala macho. Jirani anasema moto ukija tufunike pua na mdomo kwa kanga iliyolowa maji. Ni sawa? — Mama wa watoto watatu, Mafinga

Marahaba, mwanangu. Hili hata mimi nililiamini miaka yote, mpaka nilipokaa darasani na wazima moto wa msituni wakanisahihisha. Hewa ya moto ikipita kwenye kitambaa kilicholowa inageuka mvuke, na mvuke unaunguza koo na mapafu kuliko hewa kavu yenye joto lile lile. Kama umewahi kufunua sufuria ya ugali vibaya, unajua. Kwa hiyo moto ukiwa karibu, kanga kavu ya pamba. Maji wanywe watoto.

Tena kitambaa, kikavu au kibichi, hakizuii ile gesi ya kaboni monoksaidi iliyomo ndani ya moshi. Mtoto akilalamika kichwa, akitapika au akawa na usingizi usioeleweka baada ya moshi, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, usingoje asubuhi.

Na kwa mipaina usisubiri uone moto. Ukishapanda kwenye vilele unaruka mti hadi mti, na cheche zinatangulia kuangukia mapaa. Piga 114 kwa Zimamoto, chukua watoto, ondoka. Fagia majani ya mipaina kwenye paa na uani leo hii, kabla hujamaliza kusoma gazeti.

Mzee, heshima yako. Mimi ni mrina asali, mizinga yangu iko ndani ya miombo. Marehemu baba alituambia kwamba aliwahi kuzingirwa na moto kichaa, akawasha nyasi mbele yake kwa kiberiti, zilipoungua akaingia kwenye jivu akalala. Wenzangu wanasema ni hadithi za wazee. Yawezekana? — Mwana wa Mrina, Sikonge

Yawezekana, mdogo wangu, na mwambie kila anayemcheka baba yako kwamba kuna kisa kilichochunguzwa na serikali ya nchi kubwa chenye maneno hayo hayo.

Tarehe 5 Agosti 1949, katika bonde linaloitwa Mann Gulch, jimbo la Montana kule Marekani, wazima moto 15 waliruka kwa miavuli kutoka kwenye ndege kwenda kuzima moto ulioonekana wa kawaida. Huko chini wakajiunga na mlinzi mmoja wa msitu, wakawa 16. Jioni moto ukavuka bonde, ukashika nyasi kavu za mteremko waliokuwa juu yake, na wote wakaanza kukimbia kupanda. Kiongozi wao, Wagner Dodge, akaona hawatafika kileleni. Akasimama. Akatoa kiberiti, akawasha nyasi zilizokuwa mbele yake. Zilipoungua akaingia ndani ya lile jivu na kuwaita wenzake wamfuate.

Hakuna aliyemfuata. Fikiri wewe, umekimbizwa na moto, unamwona mkubwa wako anawasha mwingine. Walidhani amechanganyikiwa, au hawakumsikia kwa kelele. Wakampita. Dodge alilala kifudifudi, na alieleza baadaye kwamba mawimbi ya hewa ya moto nusura yamnyanyue kutoka ardhini. Kisha akainuka, mzima. Wawili wengine walipenya ufa wa mwamba juu kabisa wakafikia mawe matupu, wakapona. Watu 13 walikufa, baadhi yao siku iliyofuata.

Kila ninapolisoma hili namkumbuka mzee wa Kilema. Alipotuelekeza kwenye moto badala ya kutukimbiza mbali nao, mimi pia nilidhani amerukwa na akili. Tulimfuata kwa sababu moja tu: alikuwa amemkamata mmoja wetu kwa kola, na sisi tulizoea kutomwacha mwenzetu. Ndiyo maana narudia kwamba mambo haya yasemwe mezani, watu wakiwa wametulia wanakunywa chai. Siku ya moto mwenye kujua peke yake hatasikilizwa.

Dodge hakuwa wa kwanza. Watu wa asili wa nyanda za Amerika walilijua jambo hili zamani, na naamini baba yako hakulisoma popote.

Lakini nikuonye, na hapa nakusihi. Hii ni njia ya mtu ambaye njia zote nyingine zimefungwa. Inafaa kwenye nyasi, ambazo zinawaka na kuzimika upesi. Ndani ya kichaka kizito au magogo utakuwa umejiwashia jeneza, maana havitaungua vikaisha kabla moto mkubwa haujakufikia. Na kama upepo unaelekea waliko wenzio, moto uliowasha wewe ndio utakaowaua. Warina wenzako walio upande huo watakuwa wapi? Afadhali ufanye lile wazee wa Tabora wanalolijua tayari: mwanzo wa kiangazi, nyasi zikiwa bado zina unyevu, safisha kuzunguka mizinga na kambi hatua kumi na tano kila upande, kwa jembe na kwa kibali cha watu wa misitu. Siku ya moto kichaa unaingia kambini kwako, unakaa kwenye udongo mtupu.

Mwenge wako wa kurinia nao uzime kwa maji na udongo, uupapase kwa mkono. Ukiunguza kiganja, haujazimika.

Hujambo Mzee? Nafanya kazi ya kutunza wazee huku California, jirani na Sacramento. Mwajiri wangu ana nyumba msituni. Sina uzoefu wa moto, ila naendesha gari. Nifanye nini tukiambiwa tuondoke? — Dada wa Tanga ughaibuni

Sijambo, binti. Ondokeni mkiambiwa "jiandaeni", msingoje "ondokeni". Una wazee wa kuvalisha, kubeba na kutafutia dawa. Saa moja yako ni nusu saa ya wengine. Mji wa Paradise hauko mbali sana na ulipo. Tarehe 8 Novemba 2018 moto uliuteketeza asubuhi moja, watu 85 wakafa, wengi wao wazee, na barabara chache za kutokea zikajaa magari. Begi la dawa, miwani na vyeti liwekwe mlangoni leo. Tangi la gari lisishuke chini ya nusu msimu wote wa kiangazi.

Moto ukiwakuta barabarani, simama mahali pasipo na miti wala nyasi ndefu, mbali na gari lingine. Funga vioo na matundu yote ya hewa, washa taa, injini iache ikiunguruma. Laleni chini ya usawa wa madirisha, mjifunike mablanketi ya sufu. Yanunue mawili uyaache garini. Humo ndani kutakuwa na joto na moshi, nawe utatamani kufungua mlango. Usifungue mpaka ndimi zimepita. Gari linakulinda zaidi kuliko miguu yako.

Mzee, mimi ni mgumu, nabeba mizigo mlimani. Tangu moto wa 2020 watu mtaani wanatuambia sisi wapagazi ndio tulioichoma Kilimanjaro. Unatujibia nini? — Mgumu wa Marangu

Mdogo wangu, tuseme kweli bila kuoneana haya. Moto ule ulianza tarehe 11 Oktoba 2020 pale Whona, kituo cha kupumzikia kati ya Mandara na Horombo. Taarifa za awali zilitaja moto wa kupashia chakula cha wageni. Ziliungua kilomita za mraba karibu 95. Erika inayokua polepole kwa baridi ile, wajukuu zangu ndio watakaoiona imefunga tena. Na erika ndiyo inayoukamata ukungu ukawa maji yanayoshuka kwenye mifereji yetu. Linauma, na linaniuma mimi niliyepasha chakula Whona mara ambazo siwezi kuzihesabu, tukirushia majivu ya jiko nyuma ya jiwe.

Lakini nani aliyeuzima? Niliwaona kwa macho yangu. Wapagazi, waongozaji, wanafunzi wa chuo cha wanyamapori Mweka, askari wa hifadhi, vijana wa vijijini waliopanda na mapanga na matawi mabichi ya kupigia moto, mama zetu wakifunga ndizi na maharage ya kupelekwa juu. Mamia ya watu, siku kwa siku, wengine kwa kandambili. Wewe huenda ulikuwemo. Akikuambia mtu kwamba mlichoma, mwambie na hilo.

Kisha nifanyie jambo. Kampuni moja niliyoifanyia kazi zamani ilikuwa inatupa jiko la gesi moja kwa watu ishirini, ndiyo maana tulikuwa tunaokota kuni kwa siri. Ukipewa safari yenye majiko pungufu, sema getini kabla hamjapanda, nyote kwa pamoja mkatae. Na jiko la aina yoyote liwekwe juu ya mwamba mtupu, mtu mmoja akae nalo mpaka lizimike, galoni la maji liwe pembeni yake. Akiitwa kubeba mzigo, asiondoke. Mzigo utamngoja.